Shajara ya mradi wa mikwaju, Ghuba ya Speke: kutafuta mti mama

18 Juni 2022

Naanza daftari hili kwa aibu. Nina wiki mbili tu tangu nianze kuzunguka vijijini, na tayari nimesahau mti wa nne nilioonyeshwa ulikuwa kwa nani.

Mradi wenyewe ni huu. Nina ekari tatu za luseni (udongo wa kichanga) nyuma ya vilima vya mawe, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ufukweni, upande wa Magu. Pamba imenichosha. Mjini Mwanza nina kibanda cha juisi, na kwa miaka sita nimekuwa nikinunua ukwaju kwa sado na kwa debe kutoka kwa yeyote anayepita na kiroba. Kuna debe linalonipa ndoo nzima ya juisi nzito, na kuna debe linaloniachia mbegu na nyuzi tu chini ya chujio. Bei ile ile. Nataka ekari zangu ziwe za mikwaju, lakini iwe mikwaju ninayoijua ukoo wake.

Mkwaju wa mbegu unakuweka miaka saba, minane, pengine zaidi ya kumi, ndipo uone ganda la kwanza. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari moja inabeba miti 40. Nikikosea mti mama nimekosea mara 120, na nitaligundua kosa mtoto niliyembeba mgongoni siku ya kupanda akiwa darasa la tano.

Kwa hiyo nilisimama mnadani nikatangaza kwamba natafuta mkwaju unaozaa kuliko mingine. Hadi leo nimeonyeshwa miti 41. Yote, kwa maneno ya wenye miti, inatoa gunia kumi.

2 Julai 2022

Mti namba 3. Nilifika asubuhi, nikamkuta mwenyewe anatoa ng'ombe zizini.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mama juisi. Umekuja kuupima?"

Mti umekaa juu ya kichuguu cha zamani, kikubwa kama nyumba ndogo, na kivuli chake chote kinaangukia kwenye zizi. Tulitandika maturubai matatu, vijana wakapanda na kutikisa, mabaki tukayavuta kwa upembo. Mizani ya saa ilining'inizwa kwenye tawi la mti huo huo. Jumla kilo 260 za maganda. Hakuna mti mwingine uliokaribia hapo.

Nilifurahi kwa kama dakika kumi. Halafu nikaanza kuangalia chini. Udongo wa kichuguu, samadi ya miaka na miaka, na maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa pale pale. Mikwaju mingine miwili ya babu, iliyo kwenye luseni tupu mita mia mbili kutoka hapo, haikufika kilo 80 kila mmoja. Nikamwambia, babu, huu mti unakula vizuri.

"Kwani mtoto anayekula vizuri si mtoto?"

"Ni mtoto, babu. Ila mimi nataka kujua ni mtoto au ni chungu cha chakula."

Alicheka, lakini sikumjibu kweli, maana sina jibu. Njia ya kujua ni moja: kuchukua vikonyo (vijiti vya matawi) vya mti huu na vya mingine, kuvibebesha, yaani kuviunganisha, kwenye miche inayofanana, na kuipanda yote kwenye shamba moja. Hapo chungu kinakuwa kimoja.

16 Julai 2022

Kazi ya kumenya imehamia jikoni kwa mama. Kila mti natoa maganda 50, yaliyochukuliwa pande zote nne za mti, si yale manono ambayo mwenye mti anayatanguliza mbele yako. Tunapima yakiwa mazima, tunamenya, halafu tunapima tena mafungu matatu: ganda na nyuzi, mbegu, na nyama yenyewe. Shangazi ndiye fundi. Anabana ganda kati ya vidole viwili, linavunjika kwa mlio mkavu, anashika zile nyuzi kichwani na kuzivuta zote kwa mpigo kama anavua kamba ya kiatu. Mimi nikivuta zinakatika, nabaki naokota.

Namba 7, mti unaosifiwa na kijiji kizima: maganda 50 yalikuwa gramu 1,050. Nyama 336, mbegu 441, ganda na nyuzi 273. Yaani katika kila kilo ninayobeba kichwani, nyama haifiki hata theluthi.

Namba 19, mti wa mjane mmoja ambaye karibu anifukuze kwa kudhani nimetumwa na mtu wa kodi: maganda 50 gramu 800. Nyama 384, mbegu 256, ganda na nyuzi 160. Maganda madogo, yamepinda, hayavutii hata kidogo. Nyama ni asilimia 48.

Namba 7 ilitoa kilo 210 za maganda, kwa hiyo kilo 67 za nyama. Namba 19 ilitoa kilo 150, nyama kilo 72. Nilirudia hesabu mara tatu kwenye kikokotoo cha simu. Shangazi akasema rudia tena ukitaka, ukwaju hautabadilika.

Tangu leo, anayeniambia magunia namuuliza mbegu.

30 Julai 2022

Tumeonja. Uji wa mtama kwenye sufuria sita, kila moja na ushishi wa mti wake. (Wageni wakisikia ushishi wanadhani ni kitu kingine, ni ukwaju huu huu, kwa Kisukuma.) Namba 19 ni mkali, unakaza taya. Namba 31 umetulia, mtoto anaweza kuula mkavu. Namba 7 hauna msimamo.

Niliwahi kudhani ukali ni dalili ya kutoiva. Sivyo. Ukwaju unapoiva sukari inapanda, lakini asidi yake, asidi ya tartari, haishuki kama ilivyo kwenye matunda mengi. Ndiyo maana ukwaju ulioiva kabisa ni mtamu na mkali kwa pamoja. Kwa kibanda changu ukali ni faida, kwa sababu nyama kidogo inatengeneza juisi nyingi. Kwa anayeuza kwa watoto shuleni, namba 31 ndiyo mali. Sitafuti mti mmoja basi. Hilo sikulijua mwezi uliopita.

11 Septemba 2022

Hasara, na ya kijinga. Sampuli za akiba niliziweka kwenye ghala la kaka, juu ya magunia ya karanga. Leo nimefungua: vumbi la unga, matundu ya duara kamili kama yametobolewa kwa msumari, na nje ya maganda vimeshikamana vifuko vyeupe vyembamba kama karatasi. Ni mbawakawa wa karanga, anayeitwa kitaalamu Caryedon serratus. Buu anakula mbegu ndani, anatoka, anajifungia kwenye kile kifuko nje. Nilikuwa namlaumu kaka kwa karanga zake, kumbe mdudu huyu mkwaju ni nyumbani kwake. Huenda mimi ndiye niliyempelekea.

Kuna kitu nimekiona hata hivyo. Maganda ya namba 12 yanapasuka yenyewe mtini, na ndiyo yaliyoliwa zaidi. Ya namba 31 yana ganda gumu lisilo na ufa, na mengi yamepona. Nimeongeza safu kwenye daftari: ganda linapasuka au halipasuki. Namba 12 nje.

23 Oktoba 2022

Mjini kuna mtu aliniuzia miche kumi ya "mkwaju mtamu wa Thailand". Bei ya mche mmoja ilinitosha kununua debe. Leo nimeikagua vizuri: hakuna kovu la kubebesha, shina limenyooka kutoka kwenye mbegu hadi kileleni. Mtu alikula ukwaju mtamu, akapanda mbegu.

Ukwaju mtamu wa Thailand upo kweli, na mkoa wa Phetchabun unajulikana kwa huo. Lakini unaendelezwa kwa kubebesha. Ua la mkwaju hupokea chavua ya miti mingine kupitia nyuki, na mbegu inabeba damu ya baba usiyemjua. India nao walifanya hivyo: ule unaoitwa PKM 1, wa Periyakulam huko Tamil Nadu, ulichaguliwa kutoka kwenye mikwaju ya kienyeji ya huko, ukaendelezwa kwa vikonyo, na unaanza kuzaa mapema. Kumbe nao walianza kwa kuzunguka kwenye miti ya watu.

Sisi huku kuchagua si jambo geni. Mbegu za pamba tulizopanda, UK 91 na nyinginezo, zile herufi mbili ni Ukiriguru, hapo Misungwi, na ni kazi ya watu waliokaa miaka wakichagua. Tofauti ni kwamba pamba inakujibu ndani ya msimu mmoja.

Miche ile kumi nitaitumia kama mashina ya kubebeshea vikonyo. Hasira haina faida.

12 Machi 2023

Kubebesha, awamu ya kwanza. Miche niliyoiotesha Julai mwaka jana (mbegu zililala kwenye maji usiku mzima, wiki moja na nusu zikachomoza) sasa ina unene wa penseli. Nimechagua mama wanne: 3, 7, 19 na 31. Namba 3 kwa ajili ya ule ubishi wetu na babu. Namba 7 kwa sababu kijiji hakitanielewa nikiuacha. Namba 31 kwa sababu mwenyewe anaapa haujawahi kukosa mwaka, na nataka kuona.

Fundi aliyenifundisha alibebesha maembe maisha yake yote. Anachonga kikonyo kama kabari, anapasua shina, anapachika, na anasisitiza upande mmoja wa maganda ya kikonyo na shina ukutane hata kama mwingine haukutani. Anafunga kwa utepe wa nailoni, halafu juu anavalisha kile kifuko chembamba cha barafu za watoto ili kikonyo kisikauke. Nikishika kisu mimi, kabari inakuwa na tumbo.

60 zimebebeshwa, 15 kwa kila mama.

16 Aprili 2023

Zimeshika 17. Fundi hakushangaa. Aliuliza: vikonyo uliviandaa? Sikuviandaa, nilikata na kuja navyo kwenye boda vikiwa na majani yake. Inatakiwa kupukutisha majani mtini kama siku nane kabla, vitumba vianze kuvimba, ndipo ukate, na uvifunge kwenye kitambaa kibichi.

14 Mei 2023

Awamu ya pili, vikonyo vimeandaliwa: 80, zimeshika 51. Furaha ingekuwa kamili kama si lebo. Niliandika kwa kalamu ya rangi kwenye utepe wa karatasi, jua limefuta. Miche 14 sasa haina mama. Inapendeza, ina afya, na haina thamani yoyote kwenye mradi huu. Nimeipeleka shuleni wakapande uwanjani.

Lebo mpya: kopo la soda, limekatwa kwa mkasi, namba imekwaruzwa kwa msumari.

20 Agosti 2023

Msimu wa pili wa kupima. Namba 7: kilo 22. Mwaka jana 210, mwaka huu 22! Mti umepumzika. Mwenyewe ananiambia bila wasiwasi, "Ah, huu ni mwaka wake wa kulala," kana kwamba nilipaswa kujua. Mwaka jana alipokuwa ananiambia gunia kumi hakuutaja usingizi.

Namba 19: kilo 95. Namba 31: kilo 118, na mwaka jana ilikuwa 120. Yule bwana hakuapa bure.

Namba 3 haukupimwa, babu alikuwa na msiba na maganda yaliliwa na wafiwa. Sikuona vibaya.

26 Novemba 2023

Tumepanda shamba la majaribio. Miche 48, 12 kwa kila mama, mita 8 kwa 8. Kaka alitaka kila namba ikae safu yake, ipendeze na iwe rahisi kuonyesha wageni. Nimekataa. Pembe ya chini ya shamba udongo unageuka kuwa mfinyanzi mweusi wa mbuga. Namba itakayoangukia huko yote itaonekana mbovu. Tumechanganya: nimeandika namba kwenye vikaratasi, shangazi anachomoa kwenye kofia, sisi tunapanda anachotaja. Majirani walidhani ni bahati nasibu.

Mvua ya El Niño haina breki. Hakuna kumwagilia hata ndoo moja.

21 Januari 2024

Ile pembe ya chini imekaa na maji wiki nzima, miche mitano imekufa: namba 3 mmoja, namba 7 wawili, namba 19 mmoja, namba 31 mmoja. Mkwaju unavumilia kiangazi kuliko kusimama ndani ya maji. Ingekuwa kwa safu za kaka, leo tungekuwa tunasema kuna namba haifai.

19 Mei 2024

Kitalu kimekwenda. Nilikiweka karibu na ziwa kwa uvivu wa kuchota maji. Ziwa limepanda mpaka kwenye vibanda vya dagaa, na miche 200 ya mashina imesimama ndani ya maji siku kumi na moja. Majani yamekuwa ya njano, mizizi inanuka. Hakuna wa kumlaumu. Mzee mmoja mvuvi aliniambia mwaka 2022 kwamba pale ni kwa ziwa, limetuazima tu.

25 Agosti 2024

Msimu wa tatu. Namba 7 imeamka: kilo 190. Namba 19: 140. Namba 31: 126.

Wastani wa miaka mitatu wa maganda: namba 7 kilo 141, namba 19 kilo 128, namba 31 kilo 121. Kwa macho ya sokoni namba 7 bado ni bingwa. Nikigeuza kuwa nyama (asilimia zao hazikubadilika sana mwaka hadi mwaka): namba 7 kilo 45, namba 19 kilo 62, namba 31 kilo 53.

Namba 7 nimeufuta kwenye orodha ya kuzalisha. Miche yake iliyo shambani itabaki, iwe ya kulinganishia. Nilikwenda kumwambia mwenyewe kwa heshima, nikabeba sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe mama, mti unaozaa gunia unauacha, unafuata mti wa kupinda?" Nikafungua begi nikatoa chupa mbili: mbegu za maganda 50 ya kwake, na mbegu za maganda 50 ya namba 19. Aliziweka juani akaziangalia muda mrefu. Hakusema kitu, ila chupa ya namba 19 hakunirudishia.

Kati ya 19 na 31 sijachagua na sidhani kama nitachagua. Kibanda changu kinataka 19. Lakini mtu anayelipa ada kwa ukwaju anahitaji mti usiolala, na huo ni 31. Kilo tisa za nyama ndiyo bei ya usingizi mtulivu.

Watu wameanza kuuliza kama nauza "aina mpya". Aina rasmi inapita TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na mimi sijafika huko. Ninachoweza kusema ni "mche wa kubebesha wa mti mama namba 19", na nikionyesha mti wenyewe uko wapi, mtu akauone.

9 Februari 2025

Mbuzi. Miche mitatu, yote namba 31, usiku mmoja. Miiba ya uzio ilikuwa imekauka na mimi niliiona.

14 Desemba 2025

Maua!

Miche mitano imetoa maua, minne ya namba 19 na mmoja wa namba 31. Vitumba ni vyekundu kwa nje, vikifunguka unaona njano hafifu yenye mishipa myekundu, na kila ua ni dogo kiasi kwamba ukipita haraka huoni kitu. Nyuki waliona kabla yangu. Ni miaka miwili na nusu na kidogo tangu kisu cha fundi. Kikonyo kilitoka kwenye mti mzima, hakikuanza utoto upya. Ndiyo faida ya kubebesha.

Namba 3 hakuna hata ua moja, na kwa urefu haijaizidi mingine. Nilimpelekea babu habari. Alisema mti wake hauna haraka, tusubiri. Ana haki ya kusubiri, maana ua la kwanza si kilo, na nimesubiri zaidi ya hapo kwa mambo madogo.

Fundi ameagiza maua yote ya mwaka huu yatolewe, mti ujenge matawi kwanza. Nimezunguka na kidole gumba leo asubuhi, nabana kichala kimoja kimoja, shangazi ananifuata nyuma akinung'unika kwamba hajawahi kuona mtu anangoja miaka hivyo halafu anachuma maua. Nimetoa yote isipokuwa kichala kimoja, namba 19, safu ya tatu kutoka juu. Hapo shangazi alisimama mbele ya mti, mikono kiunoni, nikapita.